Harun al-Rashid na waziri wake Jaafar: wa kwenye tarehe, wa kwenye Alfu Lela na wa kwenye filamu

 

Mzazi mmoja wa Unguja ametuletea swali ambalo tumeona halifai kujibiwa kwa mistari miwili. Anasema mwanawe wa miaka minane, Jaafar, hataki tena kuitwa kwa jina lake. Wenziwe skuli wameangalia filamu ya katuni ya Aladdin, na ndani yake waziri mwovu, mchawi mwembamba mwenye fimbo ya kichwa cha nyoka, anaitwa Jafar. Sasa mtoto akipita tu wanamwita mchawi. Mama anauliza mambo mawili. Je, inajuzu kumbadilishia mtoto jina kwa sababu hiyo? Na huyo Jaafar, waziri wa Harun Rashid, alikuwepo kweli, na alikuwa mbaya kiasi hicho?

Swali la kwanza ni jepesi na tutalifikia. La pili ndilo linalotaka maelezo, kwa sababu hapa visiwani wengi wetu tumemjua Harun Rashid kwa bibi zetu kabla hatujamjua kwa vitabu vya tarehe, na yale mawili yamechanganyika mpaka mtu hajui lipi ni lipi.

Harun wa kwenye tarehe

Tuanze na kosa dogo ambalo tumelisikia hata kwa watu wazima. Harun al-Rashid si miongoni mwa Khulafaa Rashidun. Hao ni Abubakar, Umar, Uthman na Ali (Radhiya Llahu anhum). "Al-Rashid" ni lakabu tu aliyopewa Harun na baba yake alipotajwa kuwa mrithi wa pili wa ukhalifa, baada ya kurudi kwenye vita vya mwaka 782 alipofika na jeshi mpaka ng'ambo ya mji wa Konstantinopoli. Yeye ni khalifa wa tano wa Bani Abbas, na baina yake na Sayyidna Ali imepita zaidi ya karne.

Jina lake ni Harun bin Muhammad al-Mahdi. Alizaliwa Rayy, karibu na ilipo Tehran leo, katika miaka ya 760. Mama yake, Khayzuran, alikuwa mjakazi aliyeachwa huru na kuolewa na al-Mahdi, mwanamke ambaye mkono wake ulionekana katika mambo ya dola kwa miaka mingi. Harun alishika ukhalifa mwezi wa Rabiul Awwal 170 Hijria, yaani Septemba 786, usiku aliokufa kaka yake al-Hadi. Usiku huo huo alizaliwa mwanawe Abdullah, ambaye baadaye aliitwa al-Ma'mun. Wanahistoria waliuita usiku wa makhalifa watatu: mmoja amekufa, mmoja ametawazwa, mmoja amezaliwa. Alitawala miaka 23 na akafia Tus, katika Khurasan, mwezi wa Machi 809.

Alfu Lela inamweka Baghdad kila usiku. Tarehe inasema vingine. Kuanzia mwaka 180 Hijria (796) alihamishia makao yake Raqqa, kwenye mto Furati, na Baghdad akawa haipendi sana. Alikuwa mtu wa safari, akihiji mwaka huu na kwenda vitani mwaka ule. Wapokezi wanataja kuwa amehiji mara nane au tisa, na hakuna khalifa baada yake aliyehiji akiwa madarakani kwa wingi huo. Kwa amri yake Qadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, aliandika Kitabul Kharaj, kitabu cha kodi na haki za raia ambacho mpaka leo kinasomwa. Abu Yusuf hakumbembeleza khalifa ndani yake. Anamkumbusha kuwa ataulizwa juu ya raia wake kama mchungaji anavyoulizwa juu ya mifugo.

Na waliokwenda Hijja zamani wamenufaika na mkewe, Bibi Zubayda, mjukuu wa Khalifa al-Mansur. Yeye ndiye aliyegharamia mfereji wa kuleta maji Makka, unaoitwa Ain Zubayda mpaka leo, na mabirika na visima kwenye njia ya mahujaji kutoka Kufa, ambayo nayo imebeba jina lake. Mfereji huo umewanywesha mahujaji kwa zaidi ya miaka elfu moja. Tunasema wazi: katika nyumba ile, kazi iliyoishi zaidi ni ya mke.

Wazungu nao wamemweka kwenye vitabu vyao. Kumbukumbu za Wafaranka zinasema Harun alimpelekea mfalme wao Charlemagne tembo aitwaye Abul Abbas, akafika Aachen mwaka 802, na baadaye saa ya maji iliyowastaajabisha. Wanahistoria wa Kiislamu wa zama zile hawakulitaja jambo hilo hata kwa neno moja. Pengine kwa Baghdad tembo mmoja kwenda nchi ya mbali na ya baridi halikuwa jambo la kuandikwa.

Harun na maulamaa

Sisi watu wa madhehebu ya Shafii tuna sababu ya kulitaja hili kwa urefu kidogo. Mwaka 184 Hijria Imam Shafii (Rahimahu Llah), wakati huo mtu wa miaka thalathini na kitu akifanya kazi Yemen, alishitakiwa kuwa anashirikiana na Alawiyyin wanaotaka kuiangusha dola. Akapelekwa mbele ya Harun pamoja na wengine. Riwaya zinasema wenziwe waliuawa, naye akaokoka kwa hoja zake na kwa ushahidi wa Muhammad bin al-Hasan al-Shaybani, mwanafunzi mwengine mkubwa wa Abu Hanifa, aliyekuwa qadhi wa Harun. Baada ya hapo Shafii akakaa kwa huyo huyo Shaybani akisoma. Fikiria lau amri ya siku ile ingekwenda upande mwengine: vitabu vinavyosomwa kwenye baraza zetu tangu babu wa babu zetu visingeandikwa.

Kuna kisa chengine kilichopokewa katika vitabu vya sira za wachamungu, nacho ndicho safari ya usiku ya Harun inayostahili kuhadithiwa zaidi kuliko za Alfu Lela. Akiwa Makka kwa Hijja, alimgongea usiku al-Fadhl bin al-Rabi', mtu wake wa karibu, akimtaka ampeleke kwa mtu atakayempa nasaha. Wakazunguka nyumba mbili tatu. Kila mwenye nyumba alizungumza naye kidogo, kisha Harun akaamuru alipiwe deni lake, wakaondoka. Mwisho wakafika kwa Fudhayl bin Iyadh, mtu aliyewahi kuwa mnyang'anyi wa njiani kisha akatubia. Fudhayl hakutaka kufungua. Alipofungua akaizima taa na kujibanza pembeni, wakawa wanapapasa gizani mpaka mkono wa khalifa ukamgusa. Akasema mkono huu ni laini mno, ukisalimika na adhabu ya Allah kesho. Kisha akamnasihi mpaka Harun akalia. Alipoletewa dinari elfu moja akazikataa, akasema yeye anamwonesha njia ya kuokoka naye anamlipa kwa kitu kama hiki. Tangu hapo aliacha kusema nao mpaka wakatoka.

Hatuwezi lakini kumpamba mtu kwa upande mmoja. Katika zama za Harun, Imam Musa al-Kadhim, mjukuu wa Mtume wetu (S.A.W.), mtu wa ibada na upole, alitiwa gerezani na akafia humo Baghdad mwaka 183 Hijria (799). Ndugu zetu wa Kishia wanalikumbuka jambo hilo kwa uchungu kila mwaka, na kaburi lake Kadhimiya linazuriwa na mamilioni. Mtu wa Sunni naye hana haja ya kulikana. Lipo katika vitabu vyake. Na kwa qadari ya Allah, mtoto wa Imam huyo, Ali al-Ridha, alikufa Tus mwaka 203 Hijria (818) na akazikwa pale pale alipozikwa Harun. Mji uliozunguka kaburi hilo ndio Mashhad ya leo. Watu wanakwenda kwa mamilioni kumzuru mtoto wa aliyefungwa, na kaburi la aliyefunga limo chini ya kuba hilo hilo, halina hata alama.

Bani Barmak, na usiku wa Jaafar

Sasa tuje kwa Jaafar. Bani Barmak walikuwa watu wa Balkh, na babu yao alikuwa mkuu wa hekalu la Mabudha kabla ya ukoo kusilimu. Khalid bin Barmak alitumikia makhalifa wa mwanzo wa Bani Abbas. Mwanawe, Yahya, ndiye aliyemlea na kumfundisha Harun, na alitiwa gerezani na al-Hadi kwa kukataa kumwacha mkono kijana wake. Harun alipotawala alimkabidhi Yahya mhuri na dola nzima, na alikuwa akimwita baba. Mtoto mkubwa wa Yahya, al-Fadhl, alikuwa ndugu wa kunyonya wa Harun. Kila mmoja wetu anajua uzito wa ndugu wa kunyonya katika sharia: ni udugu unaozuia ndoa, ni wa kweli. Jaafar, mdogo wake, ndiye aliyekuwa rafiki wa nafsi.

Kwa miaka 17 familia hii ndiyo iliyoendesha dola. Ibn Khaldun anasema al-Fadhl ndiye aliyeshauri karatasi itengenezwe, ofisi za serikali zikaacha kutegemea ngozi. Jaafar alisifika kwa ufasaha na kalamu. Alikuwa mlezi wa mtoto wa khalifa, al-Ma'mun, na alisimamia kiwanda cha sarafu, hata jina lake likapigwa kwenye dinari. Ukarimu wao ulikuwa wa kutajwa kwa mithali. Washairi walikuwa wanaondoka kwao na mifuko, na hapo ndipo baadhi ya watu walipoanza kuhesabu mifuko hiyo.

Mwishoni mwa Muharram 187 Hijria, Januari 803, Harun alikuwa akirejea kutoka Hijja na amepumzika karibu na Anbar. Usiku alimwita mtumishi wake Masrur akamwamuru alete kichwa cha Jaafar. Katika riwaya ya Tabari, Jaafar alimwomba Masrur arudi akaulize tena, pengine amri ilitoka bila kukusudiwa. Masrur akarudi, akafukuzwa, akaja kutimiza. Jaafar alikuwa hajafika miaka arubaini. Mwili wake ulikatwa na vipande vikatundikwa kwenye madaraja ya Baghdad. Yahya na al-Fadhl wakatiwa gerezani Raqqa na mali zote zikachukuliwa. Yahya alifia gerezani mwaka 805 na al-Fadhl mwaka 808, miezi michache tu kabla ya Harun mwenyewe.

Kwa nini? Hapa ndipo hekaya ilipoingilia tarehe. Ipo riwaya kuwa Harun alikuwa akipenda kukaa na dada yake Abbasa na Jaafar pamoja, akawaozesha kwa jina tu ili iwe halali kuonana, kwa sharti wasikutane kama mume na mke. Wakakutana, wakazaa, watoto wakafichwa Makka, khalifa akagundua. Riwaya hii imo kwa Tabari na imependwa mno kwa sababu ina mapenzi na damu. Mwaka 1906 Jurji Zaydan, mwandishi wa Cairo, aliifanya riwaya ndefu, na kutoka hapo ikaingia kwenye maigizo. Watu wengi wanaosema "nimesoma tarehe ya Abbasa" wamesoma Zaydan.

Ibn Khaldun, karne sita baada ya tukio, aliikataa katika Muqaddima yake. Hoja yake ya kwanza ni kuwa bibi wa nasaba ile asingejishusha hivyo. Kwetu sisi hoja hii ni dhaifu. Nasaba haijamzuia mtu, na sharia haihukumu kwa nasaba. Hoja yake ya pili ndiyo nzito: Bani Barmak walikuwa wameishika hazina yote hata khalifa akawa anaomba pesa kidogo asipate, na vyeo vyote vimejaa watoto na watu wao. Ikaongezewa na jambo la Yahya bin Abdullah, Alawi aliyewekwa chini ya ulinzi wa Jaafar, naye Jaafar akamwachia aende zake bila idhini. Mfalme aliyekwisha kuwaogopa watu wa nyumbani mwake hahitaji kisa cha mapenzi. Inapokewa kuwa Harun alipoulizwa sababu alijibu kuwa lau kanzu yake ingeijua angeichana. Alikufa nayo.

Ibn Khaldun huyo huyo alimtetea Harun juu ya ulevi. Alisema mtu aliyekaa na maulamaa namna ile na kuswali namna ile hanywi khamr, na kwamba alichokuwa akinywa ni nabidhi ya tende kwa fatwa ya watu wa Iraq. Kwa wasomaji wetu tuongeze kuwa katika madhehebu ya Shafii kila kinacholevya ni haramu kichache chake na kingi chake, iwe zabibu au tende, kwa hiyo utetezi huo unamtoa Harun kwenye lawama ya kuvunja madhehebu ya nchi yake, haumfanyi kuwa mfano wa kufuatwa.

Karatasi mbili ndani ya Al-Kaaba

Jambo lililoigharimu dola zaidi kuliko kifo cha Jaafar halimo kabisa kwenye Alfu Lela, nalo ni la kifamilia. Harun alikuwa na wana wawili waliopishana kama miezi sita. Mkubwa, al-Ma'mun, mama yake alikuwa mjakazi wa Kiajemi aliyefariki mapema. Mdogo, al-Amin, alikuwa mtoto wa Bibi Zubayda, Hashimi baba na mama. Harun akamtanguliza mdogo kwa ajili ya mama yake, kisha akaogopa. Mwaka 186 Hijria (802), akiwa Hijja, aliwaandikisha wote wawili: al-Amin atatawala, al-Ma'mun atamfuatia na atapewa Khurasan yote ambayo kaka mtawala hatoigusa. Wakaapa, mashahidi wakatia saini, karatasi zikatundikwa ndani ya Al-Kaaba.

Alikufa miaka sita na kitu baadaye. Al-Amin akaagiza karatasi ziletwe kutoka Makka, zikachanwa. Vita vikaanza 811. Baghdad ikazingirwa zaidi ya mwaka, mitaa ikaungua, na Septemba 813 al-Amin akauawa na jeshi la nduguye. Bibi Zubayda aliishi miaka mingi baada ya hapo, mpaka 831, katika dola ya mtoto wa mke mwenza aliyemuulia mwanawe.

Tumelitaja kwa sababu tunapokea maswali ya mirathi karibu kila wiki: baba aliyempa mtoto mmoja nyumba ya mji au shamba la mikarafuu akiwa hai, na mwengine akaachiwa ahadi. Hadithi ya Nuuman bin Bashir (R.A.) katika Bukhari na Muslim, ambayo ndani yake Mtume (S.A.W.) alikataa kushuhudia zawadi iliyotolewa kwa mtoto mmoja bila ya ndugu zake, ilikuwa inajulikana kwa kila aliyesimama pale Makka siku ile.

Alfu Lela na Abunuwasi wetu

Harun wa Alfu Lela ni mtu mwengine. Huyu hapati usingizi, anavaa nguo za mfanyabiashara na kutoka usiku na Jaafar na Masrur kwenda kusikiliza ya mitaani. Katika tarehe, khalifa anayejulikana kwa kuzunguka usiku kuangalia hali za raia ni Sayyidna Umar (R.A.). Watunzi wa hekaya wakaichukua sifa hiyo wakamvisha Harun, wakaipunguza ibada na kuongeza vituko.

Lakini hekaya hizo hazijasahau kila kitu. Katika kisa cha matofaha matatu, sanduku linatolewa mtoni na ndani yake mna maiti ya mwanamke, na Harun anampa Jaafar siku tatu amlete muuaji, la sivyo atamnyonga yeye na jamaa zake arubaini. Mtoto anacheka kwa sababu waziri anaokolewa kila mara. Msikilizaji wa Baghdad ya zamani alijua kuwa mara moja hakuokolewa, na kwamba Masrur anayewafuata nyuma kwa upole ndiye aliyekuja na upanga. Tunaona hapo ndipo hekaya ilipokuwa na ukweli kuliko filamu zote zilizokuja.

Hapa kwetu hekaya hizi zilifika kwa midomo kabla ya karatasi. Askofu Edward Steere alipokusanya ngano za Unguja na kuzichapa London mwaka 1870, mojawapo ilikuwa ya Mohammadi Mtepetevu, ambayo asili yake ni Alfu Lela. Baadaye zikaja tafsiri za Kiswahili zilizosomwa skuli zama za ukoloni, na wazee wengi wanazikumbuka kurasa zake mpaka leo.

Na yupo Abunuwasi, mjanja anayemshinda sultani, aliyeazima sufuria akairudisha na kitoto chake kwa kuwa "imezaa", kisha siku nyengine akasema imekufa. Huyo wa baraza zetu amebeba jina la mtu wa kweli, Hasan bin Hani, mshairi aliyezaliwa Ahwaz, mama yake Muajemi. Alikuwa na ufundi mkubwa wa lugha na alijulikana kwa mashairi ya ulevi, akafungwa kwa ajili yake, na ukaribu wake khasa ulikuwa na al-Amin kuliko Harun. Mashairi ya toba pia anayo. Visa vya sufuria si vyake. Ni vile vile wanavyohadithia Waarabu juu ya Juha. Watu wa pwani walichukua jina, wakaacha ulevi wakabakisha akili, na kwa hilo hatuwalaumu.

Mchawi alitoka wapi

Aladdin hayumo katika maandishi ya kale ya Kiarabu ya Alfu Lela. Mfaransa Antoine Galland, aliyeanza kuichapa tafsiri yake mwaka 1704, alikisikia kisa hicho Paris mwaka 1709 kutoka kwa kijana Mkristo wa Halab aitwaye Hanna Diyab, akakiingiza. Ndani yake nchi ni ya China, mchawi ni mtu wa Maghrib, na Jaafar hatajwi.

Jina liliingia kwa njia ya sinema. Mwaka 1940 ilitoka filamu The Thief of Bagdad, na ndani yake waziri mchawi anayempindua mfalme wake na kumtaka binti wa sultani kwa nguvu anaitwa Jaffar, akiigizwa na Mjerumani Conrad Veidt. Filamu ya Disney ya 1992 ilichota mengi humo, likiwemo jina, na ile ya 2019 ikaliendeleza. Kwa hiyo tarehe imepinduliwa kichwa chini: waziri aliyeuawa na mfalme amefanywa waziri anayetaka kumuua mfalme. Kampuni hiyo iliwahi kubadilisha maneno ya wimbo wa mwanzo mwaka 1993 baada ya Waarabu wa Marekani kulalamika kuwa yanawaonesha kama watu wa kukatana masikio. Jina hakuna aliyelilalamikia kwa nguvu kiasi hicho.

Waarabu wenyewe wameigiza maisha ya Harun katika tamthilia za televisheni, maarufu zaidi ile ya 1997 ambayo Nour El-Sherif wa Misri aliigiza kama khalifa, na nyengine ya 2018 ya Kosai Khauli wa Syria. Maulamaa wa Azhar wanakataza kuigizwa Mitume na Maswahaba wakubwa. Harun si katika hao, na hukumu yake ni ya maigizo ya kawaida: kuangalia yaliyomo, mavazi, muziki na uongo unaonasibishwa kwa watu. Katika hilo la mwisho tunakumbusha kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza kuwatukana maiti, kama ilivyopokewa na Bukhari kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.), na Jaafar bin Yahya ni maiti Muislamu aliyekufa kwa upanga bila ya kuhukumiwa na qadhi.

Ama kuwasomea watoto Alfu Lela, inajuzu kwa matoleo yaliyosafishwa, madhali mtoto anaambiwa kuwa hii ni hekaya. Toleo kamili si la watoto, na baadhi ya kurasa zake si za watu wazima pia.

Jibu kwa mama yake Jaafar

Kubadilisha jina kunajuzu. Mtume (S.A.W.) alibadilisha majina yenye maana mbaya, akamwita Jamila mwanamke aliyekuwa akiitwa Asiya kwa maana ya muasi. Jaafar si katika hayo. Kwa Kiarabu maana yake ni mto mdogo. Tunaloshauri ni kulibakisha.

Mwambie mwanao kwanza habari za Jaafar bin Abi Talib (R.A.), binamu yake Mtume, aliyevuka bahari kwenda Habasha na Waislamu waliokimbia mateso, akasimama mbele ya Najashi na kumsomea Surat Maryam mpaka mfalme akalia. Alikufa shahidi Mu'ta mwaka wa 8 Hijria akiishika bendera kwa mikono iliyokatwa mmoja baada ya mwengine, na Mtume akatoa habari kuwa amepewa mbawa Peponi. Kisha Jaafar al-Sadiq, ambaye Imam Malik na Imam Abu Hanifa wamepokea kwake elimu. Mwalimu wa darasa naye aombwe awahadithie wanafunzi wote habari hizi, kwani wanaomcheka ni watoto wetu pia.

Na akitaka kujua kuhusu yule waziri, siku ya mapumziko mpelekeni Unguja Ukuu. Katika miaka ya 1860 ilifukuliwa pale hazina ya sarafu za dhahabu, nyingi zikatawanyika. Moja iliyosomwa na wataalamu ilikuwa dinari ya zama za Harun, ya mwaka 798 au 799, miaka minne hivi kabla ya usiku ule wa Anbar. Jina lililopigwa juu yake ni Jaafar.

Wallahu aalam.